Mara ya kumi sikueleza

Niseme mapema, usije ukasoma mpaka chini ukilitafuta: humu sisimulii nilichofanyiwa. Nilibakwa nikiwa na miaka 24, hapahapa Kigoma, na mtu niliyekuwa namwamkia kila siku. Basi. Yaliyobaki nilishayaeleza mara tisa, na hizo tisa nitakuhesabia.

Ya kwanza kwa mama, usiku uleule, nikiwa nimesimama mlangoni kwa sababu sikuweza kukaa. Ya pili kwa shangazi, aliyeitwa kabla jua halijachomoza, maana kwetu mambo ya binti hayazungumzwi bila shangazi. Ya tatu kwa mjumbe, ambaye alinisikiliza huku akichezea funguo za pikipiki yake. Ya nne kaunta ya polisi, mbele ya watu wawili waliokuja kushitakiana mbuzi. Ya tano kwenye chumba cha nyuma, kwa mpelelezi aliyeandika polepole na kunikatiza kila sentensi: "Rudia hapo." Ya sita kwa muuguzi, ya saba kwa daktari, kila mmoja na karatasi yake. Ya nane kwenye kikao cha ukoo, wazee saba na mkeka mmoja. Hapo ndipo walipoamua kuyamaliza kifamilia, mashahidi wakaanza kupotea mmoja baada ya mwingine, na jalada likafa.

Ya tisa ilikuwa miaka minne baadaye. Nilimweleza mchumba wangu kwa sababu nilishaambiwa kwamba ndoa hujengwa juu ya ukweli. Alinisikiliza kwa upole kabisa, akanishukuru kwa kumwamini, akaaga. Nasikia yuko Mpanda, ana watoto watatu.

"Mficha uchi hazai," alinisihi shangazi ile mara ya pili, akitaka nisibakize kitu. Nimeifundisha methali hiyo kidato cha pili miaka nenda miaka rudi. Kila nikiiandika ubaoni najisemea: mimi sikuficha, shangazi. Nilivua mara tisa.

Silaumu kila kitu. Tangu sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998, mbakaji akipatikana na hatia ni miaka 30 au kifungo cha maisha, na neno la aliyetendewa, mahakama ikiliamini, linaweza kumtia mtu hatiani hata bila shahidi mwingine. Mahakama ya Rufani imerudia mara nyingi kwamba ushahidi wa kweli wa kubakwa hutoka kwa aliyebakwa. Ni sheria nzuri, bila hiyo wengi wasingefungwa. Ila itazame kutoka nilipokuwa nimesimama mimi: kesi nzima imewekwa mdomoni mwangu, na mdomo huo kila mtu ana haki ya kuufungua.

Mambo yamebadilika kiasi tangu wakati wangu. Polisi kuna madawati ya jinsia, na baadhi ya hospitali zina Vituo vya Mkono kwa Mkono, ambako daktari, polisi na ustawi wa jamii wanapatikana mahali pamoja ili usizungushwe ukieleza kila mlango. Kama yamekupata jana au leo, achana na makala hii, nenda hospitali. Dawa za kuzuia VVU huanzwa ndani ya saa 72, na kadiri unavyowahi ndivyo inavyokuwa bora. Za kuzuia mimba ndani ya siku tano. Usioge, usifue nguo. Utarudi kusoma ukishatoka huko.

Mimi ni mtoto wa mawese. Mama alitusomesha kwa madumu ya mawese pale Mwandiga, na mpaka leo anauza. Mahali pale, usiku ule, palikuwa na pipa la chikichi likichemka. Hilo nakupa, kwa sababu bila hilo hutaelewa miaka 13 iliyofuata.

Mtu wa Dodoma anaweza kuikwepa harufu ya mawese. Wewe wa Kigoma utaikwepea wapi? Maharage ni mawese, migebuka ni mawese, sombe ni mawese, hata sabuni. Nilianza kupikia alizeti, ndugu wakasema chuo kimenitia maringo. Mtu wa Mwandiga anakula alizeti! Wakacheka, nami nikacheka nao, maana kicheko kilikuwa nafuu kuliko maelezo. Nikienda kwa mama nilisimama mlangoni, nikasalimia, nikaacha mfuko wa sukari, nikasema nawahi gari. Mama yangu ananukia mawese: mikono, kitenge, nywele. Miaka 13 sikumkumbatia, na hata siku moja hakuniuliza kwa nini.

Wataalamu siku hizi wanaita hali hii kiwewe. Kwa mwalimu wa Kiswahili kama mimi neno hilo lina kasoro, kwa sababu kiwewe cha zamani kilikuwa cha kupita: mtu anababaika kwa hofu, kisha anarudiwa na akili. Mimi ningelieleza jambo hili kwa viambishi vya wakati. Tukio, hata liwe baya namna gani, siku zikipita huingia kwenye -li-. Nilianguka. Walikuja. Ilikuwa. Langu liligoma kuingia, likabaki kwenye -na-. Harufu ikinifika puani sikumbuki mtu aliyenishika mkono; ananishika mkono. Wanafunzi 60 wako mbele yangu wanasubiri ngeli ya LI-YA, nami nimekamata chaki, na yeye yuko mlangoni.

Mengine yalikuwa madogomadogo. Sikulala upande wa dirisha. Nilisahihisha madaftari mpaka saa tisa usiku ili usingizi ukija uje umeshachoka. Kila mahali nilikaa nikiuelekea mlango, ingawa hili halikunishtua, kwa sababu ndivyo anavyokaa mama. Tangu nipate akili kigoda chake kiko palepale, mahali ambapo mlango na dirisha vyote anaviona, na ukikisogeza ukifagia atakirudisha bila kusema neno. Nilidhani ni desturi ya Waha.

Shangazi aliamua nina majini. Alinipeleka Ujiji kwa mzee mmoja aliyenisomea na kunipa maji ya kunywa. Siwezi kumdharau mzee yule: katika watu wote nilioenda kwao, ni yeye peke yake ambaye hakuniuliza kitu. Hospitali kwa ajili ya akili hakuna aliyeitaja. Ukisema kwetu unataka kumwona mtu wa afya ya akili, watu wanasikia Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili ya Dodoma, na akisikia Mirembe hata anayekupenda anapunguza sauti.

Mwanamke aliyenisaidia nilikutana naye Kasulu, kwenye semina ya walimu wa malezi na unasihi. Unasihi nilipewa na mkuu wa shule kwa sababu sina mume, hivyo "una nafasi". Mkufunzi alikuwa mnasihi mwenyeji wa Songea, aliyefanya kazi miaka mingi kambini Nyarugusu, ile kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo na baadaye ikapokea Warundi wa mwaka 2015. Kwenye chai akaja na kikombe chake.

"Mwalimu, umehamisha kiti mara ngapi tangu asubuhi?"

"Sijahesabu."

"Mara tatu. Mtu akipita nyuma yako, unasogea."

Nikajitetea kwamba ni mazoea ya nyumbani, hata mama hukaa hivyo. Alinitazama kidogo zaidi ya kawaida, halafu akaongea habari za barabara.

Wiki mbili baadaye nilikuwa mbele yake mjini, Jumamosi, katika chumba alichoazimwa. Nilishajiandaa kwa mara ya kumi. Nilikuwa na namna yangu ya kueleza, nimeikariri kama shairi la mtihani, kwa sauti moja, bila mimi kuwemo. Nikavuta pumzi nianze. Akainua kiganja.

"Huna haja ya kunieleza. Nipe kichwa chake tu, neno moja au mawili."

Sikujua la kufanya na maneno niliyokuwa nimeyapanga mdomoni. Nililia, si kwa uchungu. Kwa hasira, nadhani. Kumbe iliwezekana.

Tiba yenyewe wataalamu huiita kwa herufi EMDR. Yeye aliiita tiba ya mwendo wa macho. Watu hufikiri unakaa, unapungiwa vidole, umepona. Ina hatua nane, na vikao viwili vya mwanzo macho hayakuguswa kabisa. Aliuliza nalalaje, nakula nini, nani yuko nyumbani, kama nimewahi kufikiria kujiua. Kisha akanifundisha kujituliza: nichague mahali pa salama kichwani, niwe naweza kupaendea nikizidiwa. Nilichagua ziwa, tukaliacha, maana kila nikilileta linakuja usiku. Nikachagua chini ya mwembe wa bibi Ujiji, saa nne asubuhi, nikiwa na miaka minane na embe mkononi. Huo ulifaa. Aliniambia hatuanzi mpaka niwe naweza kwenda mwembeni na kurudi bila kushikwa mkono.

Kikao cha tatu ndipo tulipoingia. Nichague picha moja mbaya kuliko zote, nikae nayo mwenyewe. Ukiitazama hiyo picha unajiambia nini juu yako? Nikasema, ningepiga kelele. Akasema hilo ni jambo la kufanya. Linakwambia wewe ni nani? Nikakaa muda mrefu. Mwenye kosa. Na ungependa kuamini nini? Kwamba kosa si langu. Kwa kipimo cha moja mpaka saba, unaliamini hilo kwa kiasi gani? Mbili. Na uchungu wa picha, sifuri mpaka kumi? Tisa. Uko wapi mwilini? Kooni. Nimetoa alama maisha yangu yote, huu ulikuwa mtihani wa kwanza ambao maksi ya chini ndiyo ya kufaulu.

Akaweka vidole viwili mbele ya uso wangu, akaanza kuvipeleka kushoto na kulia, haraka kiasi, nami nivifuate kwa macho bila kugeuza kichwa, nikiwa na ile picha. Kama nusu dakika hivi. Vuta pumzi. Nini kinakuja?

Nilitegemea atakuja yeye. Zikaja funguo za mjumbe.

"Endelea na hizo."

Vidole tena. Akaja mbuzi wa wale watu wa kaunta, mbuzi ambaye hata sikuwahi kumwona, nikacheka kwa sauti mbele ya mtu nisiyemzoea. Endelea na huyo. Ukaja mkeka wa wazee. Zikaja ndala zao pembeni ya mkeka, jozi saba, na moja imefungwa kwa waya. Kilichofuata baada ya ndala nimekihifadhi, na hata mnasihi hakijui. Nilimwambia "kimekuja", akasema "endelea nacho". Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu yote kwa muda wa kama dakika 20, na nilitoka humo blauzi imelowa kama mtu aliyetwanga.

Nilimuuliza, nikiwa bado natetemeka, kama huu si uganga. Sisi wa Kigoma nchi nzima inatutania kwa dagaa na kwa uganga, kwa hiyo swali lilikuwa la haki. Akacheka. Akaniambia iligunduliwa na mwanasaikolojia Mmarekani, Francine Shapiro, mwaka 1987, akitembea bustanini na mawazo yaliyokuwa yanamsumbua, akaona macho yake yakienda huku na huku yale mawazo yanapungua makali. Mwaka 1989 alichapisha utafiti wa watu 22, baadhi wanajeshi wa vita vya Vietnam, baadhi waliobakwa au kudhalilishwa kingono. Wengi walimcheka. Lakini tafiti ziliendelea, na mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza kwa watu wazima na watoto wenye maradhi haya.

Kwa nini inafanya kazi, hapo wenyewe wanabishana. Kuna uchambuzi wa mwaka 2001 uliosema macho hayaongezi kitu, kinachotibu ni ile kurudi kwenye kumbukumbu ukiwa salama. Mwingine wa mwaka 2013 ukasema yanaongeza. Maelezo yaliyoniingia mimi ni kwamba akili ina meza ndogo ya kufanyia kazi. Ukiileta kumbukumbu mezani na papo hapo ukailazimisha akili ifuate vidole, nafasi haitoshi, na kumbukumbu inarudi kabatini ikiwa imefifia. Wazee walishasema mshika mbili moja humponyoka. Wao walikuwa wanaonya, sikuwahi kufikiri kuna siku kuponyokwa kutakuwa ndiyo shabaha.

Jambo lililonikalisha kitako zaidi ni utafiti wa mwaka 2005, wa Barbara Rothbaum na wenzake, kwa wanawake 74 waliobakwa. Waliilinganisha tiba ya macho na tiba nyingine ambayo mgonjwa husimulia tukio kwa sauti, tena na tena, mpaka liishe nguvu. Zote mbili ziliponya, karibu sawasawa. Nilikasirika kidogo niliposikia. Kumbe kueleza kunaponya! Basi mbona mimi, mwenye mara tisa, sikupona?

"Hizo tisa ulieleza kwa ajili ya nani?" aliniuliza.

Nikazipitia. Jalada. Fomu. Ukoo. Ndoa ya watu. Hata ile ya mama, naona nilikuwa namweleza ili aache kuuliza kanga yangu nyingine iko wapi. Hakuna hata moja iliyokuwa yangu.

Nisikudanganye kwamba ilikuwa mteremko. Baada ya kikao cha tatu niliota wiki nzima, ndoto za wazi kama mchana, na siku mbili niliomba ruhusa shuleni kwa kusingizia malaria. Alishanionya. Ndiyo maana nakusihi usijipungie vidole mwenyewe chumbani kwa kufuata video: huo mwembe unajengwa kwanza, na anayekupeleka lazima ajue kukurudisha. Kikao cha nne macho yaliniuma, kwa hiyo akaacha vidole, akawa ananigonga magotini kwa zamu, kulia, kushoto, kulia. Aliniambia kambini alikuwa akiwafanyia hivyo wenye macho mabovu, na kazi inakwenda vilevile.

Kikao cha tano nilikuwa nasema kitu, sikumbuki hata ni nini, nikajisikia nikitamka "alikuwa mlangoni". Nikanyamaza. Mnasihi akadhani nimezidiwa. Nikamwambia hapana, subiri, nimesikia -li-. Hakuelewa, yeye alisoma sayansi. Nilimfundisha viambishi vya wakati robo saa nzima, na hiyo robo saa hakuihesabu kwenye muda wangu.

Tulikwenda vikao saba. Uchungu ulishuka mpaka mbili, ukagoma hapo. Nilitaka sifuri, nimezoea kumalizia kazi. Akasema tuuache, huenda mbili ndiyo bei yake. Lile neno la kosa si langu lilifika sita. Moja iliyobaki naijua ni ya nani, ni ya wale wazee saba.

Wenye ujuzi huu ni wachache, na Kigoma ni mbali na kila kitu isipokuwa ziwa. Ila nilifurahi kujua kwamba ng'ambo yetu, mashariki ya Kongo, utafiti uliochapishwa mwaka huohuo wa 2013 ulionyesha wanawake waliobakwa wakipata nafuu kubwa kwa tiba nyingine, ya kufikiri upya wakiwa kikundi, iliyotolewa na wasaidizi wa hukohuko vijijini ambao hawakuwa na shahada ya saikolojia. Walifunzwa na kusimamiwa. Sioni kwa nini semina zetu za unasihi zinaishia kwenye kutufundisha kujaza fomu za utoro.

Mwezi jana nilikwenda Mwandiga. Mama alikuwa kwenye kigoda chake anachuja mawese, dumu moja limejaa, jingine nusu. Mbili yangu ilinipanda kooni, ikakaa. Nikavuta kindoo, nikaketi.

"Leo unakaa?"

"Nakaa, mama."

Akaendelea kuchuja. Baadaye nikamweleza habari za mnasihi, za Jumamosi.

"Ulimwambia nini?"

"Sikumwambia kitu."

"Sasa alikutibu nini?"

"Macho."

"Macho yako yana nini?" Akaacha kuchuja kabisa, akanisogelea kunitazama. Nikamwonyesha kwa vidole, kushoto, kulia. Alicheka mpaka akajifuta na ncha ya kitenge. Watu wanasomea hivyo? Mpaka Songea?

Akaja mteja, akapimiwa lita mbili, wakabishana bei, akaondoka. Mama alikaa akimtazama mpaka akatokomea barabarani. Kisha akayatazama mawese.

"Na likiwa la zamani?"

"La zamani kiasi gani, mama?"

"La zamani."

Nilikiangalia kigoda. Niliangalia mlango, na dirisha. Swali la kuuliza hapo nilikuwa nalijua kwa moyo, niliulizwa mara tisa.

"Mimi lakini haya macho yana mtoto wa jicho," alisema. "Hata kuku hayamfuati."

"Wanagonga magotini pia. Macho hayahitajiki."

"Ehe."

Akachukua chujio, akalikung'uta, akalirudisha juu ya dumu.

"Huwa yupo kila Jumamosi?"